Benchi la Mlangoni

Mkufunzi alipofika shuleni kwetu mara ya kwanza, nilimchukia kabla hajazima pikipiki. Ilikuwa masika, barabara ya kuja pande zetu za Ijumbi ilikuwa tope tupu, naye alikuwa amevaa suruali nyeupe. Mgongoni alibeba karatasi kubwa zilizoviringishwa ndani ya nailoni, na mfukoni mwa shati alichomeka penseli za rangi. Mwalimu mkuu akatutangazia kwamba mgeni ametoka chuo cha ualimu huko Bukoba, na kwamba atakaa nyuma darasani katika vipindi vya Kiswahili akichora.

"Achore nini?" nikauliza.

"Achore somo," akajibu mwalimu mkuu, na usoni nikaona kwamba hata yeye hajui maana yake.

Nilicheka waziwazi. Miaka ile kazi yetu kubwa ilikuwa kuzika. Kulikuwa na wiki ambazo walimu tulipokezana, huyu aende msibani, yule ashike madarasa mawili, na kesho yake kinyume chake. Chaki tulizivunja vipande ili zitufikishe mwisho wa muhula. Halafu mtu anatoka mjini na penseli za rangi! Nikasema kwa Kihaya, kwa sauti ya kusikika, kwamba akimaliza kuchora somo atuchoree na chaki. Wenzangu wakainama kuficha vicheko. Mgeni hakuwa Mhaya, kwao kulikuwa kusini kabisa mwa nchi, lakini nadhani alinielewa, maana alinitazama akatabasamu kidogo, kisha akaomba aanze na darasa langu.

Nilikuwa nafundisha Kiswahili darasa la nne, na sikuwa mwalimu mbaya. Nalisema hilo bila aibu. Watoto wa kwetu huamka na Kihaya na kulala na Kihaya. Kiswahili kilikuwa cha shuleni, cha matangazo ya kanisani na cha watu wa serikali. Kazi yangu ilikuwa kukitoa vinywani mwao, na sikujua njia nyingine ya kukitoa isipokuwa kuuliza. Nilikuwa nauliza kuanzia kengele ya kuingia mpaka ya kutoka. Asiyejibu kwa sentensi nzima alirudia, na aliyechomeka neno la Kihaya katikati nilimkazia macho mpaka alibadilishe. Watoto walinipenda na kuniogopa kwa kiasi kinachofaa.

Ila kulikuwa na benchi moja ambalo sikuliuliza. Lilikuwa la mlangoni, kando ya ukuta, na hapo walikaa wafiwa.

Desturi hiyo sikuitunga mimi. Niliikuta, nami mwenyewe niliwahi kukaa benchi la namna hiyo. Mwaka wa vita nilikuwa mwanafunzi mdogo Bukoba mjini. Ndege zilipokuja na watu wakaanza kukimbia, mama alitufungia magodoro tukashuka Muleba kwa wajomba, sehemu kubwa kwa miguu. Kaka yangu mkubwa alibaki, akaingia jeshini, akavuka mto wa mpakani pamoja na wengine. Hakurudi. Mwili hatukuuona. Tulitandaza nyasi sebuleni tukalala juu yake kama desturi inavyotaka, tukiomboleza mtu ambaye kaburi lake hatulijui.

Siku niliyorejea darasani, mwalimu wetu aliniweka benchi la mlangoni. Mlangoni ni pazuri kwa mfiwa: akiitwa nyumbani anatoka bila kupita mbele za watu, akizidiwa na machozi anageukia nje. Na hakuniuliza kitu. Wenzangu waliulizwa, wakasoma, wakachapwa, mimi niliachwa kama mgonjwa aliyefunikwa blanketi. Nilimshukuru mwalimu yule moyoni na ninamshukuru hata leo. Kwetu mfiwa haulizwi maswali mpaka matanga yaondolewe. Zile nyasi zilipofagiliwa na kutupwa kwenye kibanja, migombani, na sisi watoto tukanyolewa, kesho yake mwalimu alininyooshea kidole akasema, "Wewe, soma." Sauti yangu ilitoka mbaya, ina kutu, lakini ilitoka. Ndivyo nilivyorudi miongoni mwa watu.

Kwa hiyo nilipokuwa mwalimu, nilifanya vilevile. Tena kwangu kulikuwa na sababu ya ziada. Kitabu chetu cha Kiswahili kilijaa watu wa nyumbani. Baba analima. Mama anapika. Baba na mama wamekwenda sokoni. Kila sentensi niliyouliza ilipita kwa baba au kwa mama kabla ya kufika kwenye kitenzi. Ungeanzaje kumwuliza mtoto aliyezika mama juzi, "Mama yako anafanya nini sasa?"

Siku hiyo mkufunzi alikaa nyuma, karatasi juu ya magoti, akachora kipindi kizima bila kuinua kichwa ila kutazama nani anasema. Nilifundisha kwa hasira na kwa hiyo nilifundisha vizuri. Kengele ilipolia akaja mezani kwangu, akaitandaza karatasi, akasema, "Angalia mwenyewe, mwalimu. Mimi naenda kunywa chai." Akaondoka. Hakunisifu wala hakunikosoa, na hilo liliniudhi kuliko suruali yake.

Lilikuwa darasa langu lililotazamwa kutoka juu, kama vile mtu angeondoa bati na kuchungulia. Madawati yalikuwa visanduku, na mimi nilikuwa kiduara karibu na ubao. Kila nilipomwuliza mtoto, mstari mwekundu ulitoka kwangu ukaenda mpaka kwenye kisanduku chake. Kila mtoto alipojibu, mstari wa bluu ulirudi. Penseli ya kijani, kwa maelezo aliyoandika pembeni, ilikuwa ya swali ambalo mwanafunzi ameuliza mwenyewe. Kijani hakikuwepo hata kidogo. Kwetu mtoto hamwulizi mwalimu, kwa hiyo hilo halikunishangaza.

Kilichonishangaza ni wekundu. Mistari yote ilikwenda upande mmoja. Ilijazana mbele na katikati, kwa wale watoto wangu wenye midomo myepesi, mpaka hapo pakawa kama kiota. Kisha kuanzia benchi la mlangoni hadi nyuma kabisa, ukuta mzima, hapakuwa na kitu. Visanduku vyeupe. Nilidhani amesahau kumalizia.

Aliporudi nikamwambia, "Upande huu hukuuchora."

"Nimeuchora," akasema. "Ndivyo ulivyo."

"Hao wamefiwa."

"Wote?"

Nikageuka kutazama ukuta, ingawa watoto walikwisha kutoka. Zamani ile, nilipokuwa mtoto mimi, benchi la wafiwa lilikuwa na mtoto mmoja, pengine wawili, na wiki chache baadaye lilikuwa tupu. La kwangu lilikuwa limejaa, likamwagikia dawati la nyuma yake, na la nyuma yake tena, mpaka likafika kwenye kona. Mimi ndiye niliyewapanga pale, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kwa siku yake na kwa huruma yake, na sikuwahi kuwatazama wote kwa pamoja.

"Wamefiwa lini?" akauliza mkufunzi. Aliuliza taratibu, kama mgeni anayeuliza njia.

Nikaanza kuwahesabu kwa kidole. Huyu alimzika baba, na kabla nyasi hazijafagiliwa akafa baba mdogo, zikaongezwa nyasi juu ya nyasi. Yule alinyolewa, nywele zikaanza kuota, akanyolewa tena. Kulikuwa na nyumba pande zetu ambazo nyasi hazikuondolewa sakafuni mwaka mzima. Matanga hayakwisha, na kama hayajaisha, mtoto haulizwi. Nilimweleza hivyo, nikamweleza na ya kaka yangu, kwa ukali, kwa sababu nilikuwa karibu kulia. Alinisikiliza. Kisha akaviringisha karatasi, akaniachia nakala, akasema atarudi mwezi ujao achore tena.

Sikubadili kitu. Nilijiambia kwamba mtu wa kusini hawezi kuja na penseli kunifundisha adabu za msiba. Walimu wenzangu walisema hivyohivyo, na wao karatasi zao zilikuwa na ukuta mweupe vilevile. Nilibandika yangu ndani ya mlango wa kabati, nisiione, na kila nilipofungua kabati kuchukua vitabu nikaiona.

Kati ya visanduku vyeupe, kimoja kilikuwa cha msichana aliyekaa mwanzo kabisa wa benchi, bega likigusa fremu ya mlango. Alifiwa na baba alipokuwa darasa la pili na mama alipokuwa la tatu. Kwangu hakuwahi kusema neno. Daftari lake lilikuwa safi, mwandiko wake wa kuinamia kushoto, majibu yake sahihi mara nyingi kuliko ya wale wa mbele. Lakini Kiswahili hakipimwi kwa daftari peke yake, na sauti yake sikuijua. Aliishi na bibi yake mzaa baba, juu kidogo ya njia iendayo Kishanda, kwenye kibanja kikubwa ambacho hakikuwa tena na mtu wa kukipalilia. Katika nyumba hiyo alibaki pia baba yake mdogo, ambaye wakati huo alikuwa amelala chumba cha ndani, na kila mtu alijua anaumwa nini na hakuna aliyetamka.

Bibi ndiye aliyenijia. Alikuja asubuhi moja akiwa amejifunga khanga kifuani na nyingine begani, akasimama nje ya ofisi mpaka nilipotoka. Nikapiga magoti kidogo kama tunavyofanya. "Kasinge waitu," nikamsalimu. Akaitikia, akaniuliza habari za wa kwetu, kisha akaja kwenye lililomleta. Tulizungumza Kihaya. Kiswahili chake kilikuwa cha "habari" na "asante" tu.

"Mwanangu mwalimu, nimekuja unieleze ukweli. Yule mtoto anajifunza?"

"Anajifunza, mae," nikasema, nikimwita mama kwa heshima. "Anaandika vizuri."

"Kuandika sijui. Nakuuliza kama anasema. Kwangu hasemi. Shangazi yake yupo visiwani, anauza samaki kwenye kambi ya wavuvi. Ameniletea salamu kwamba nimpe huyu mtoto akampikie. Anasema huko atakula, hapa atakufa na sisi." Akafuta mdomo kwa ncha ya khanga. "Mimi sitaki aende. Wale wavuvi wanatoka kila mahali, hakuna anayemjua baba wa mwenzake. Ila kama shule haimpi kitu, namzuia kwa ajili ya nini? Nimzuie anitazame nikimwuguza baba yake mdogo?"

Nilijua kambi zile. Kila mtu alijua wasichana wadogo wanaopelekwa kule kupika huishia kufanya nini, na huishia wapi. Nikataka kumpa bibi jibu zuri, lenye uhakika, na nikajikuta sina. Ningemwambia mtoto anajua nini? Sikuwahi kumwuliza.

Ndipo nikafanya jambo ambalo mpaka leo silielewi vizuri. Nilidhani nikimwonyesha ile karatasi ataona kwamba tatizo ni letu sisi walimu, si la mtoto. Nikamwingiza ofisini, nikafungua kabati, nikamweleza: hii ni mimi, haya ni madawati, nikisema na mtoto mstari unakwenda kwake, akinijibu mstari unarudi. Bibi hakuwahi kusoma, lakini alielewa upesi. Akafuata mistari kwa kidole bila kugusa karatasi.

"Wa kwangu ni yupi?"

Nikamwonyesha kisanduku cha mlangoni. Akasogeza uso karibu nacho.

"Hana kitu," akasema. "Huyu wa mbele ana vingi, huyu ana vingi, wa kwangu hana kitu. Basi nimeona." Akajifunga khanga upya. "Asante, mwanangu. Umenieleza ukweli kuliko nilivyotegemea. Shangazi yake atakuja siku ya soko la wiki ijayo, nitamkabidhi."

Nilimfuata mpaka barabarani nikimweleza kwamba hakuelewa, kwamba weupe ule maana yake mtoto hajaulizwa, na si kwamba hajui. Alisimama. "Na kwa nini hajaulizwa?"

"Kwa sababu amefiwa, mae. Matanga hayajaondolewa."

Nilitegemea aniambie nimefanya vema. Badala yake alinitazama kwa macho yaliyochoka mno. "Matanga yapi?" akasema. "Ya baba yake? Ya mama yake? Au mnamwekea kabisa na ya huyu aliyelala ndani?"

Hakukuwa na hasira ndani ya maneno yale, alitaka kujua. Nikasimama kwenye tope, mwalimu mwenye cheti. Nilichosema hatimaye nilikisema kwa sababu hakikubaki kingine.

"Yaondoe, mae. Yote. Fagia nyasi, umnyoe, umlete kesho nimwulize. Nikimwuliza akashindwa, mpeleke visiwani."

"Nifagie, na mgonjwa yuko ndani? Baada ya mwezi nitandaze tena?"

"Utandaze tena."

Watu wa kwetu wakisikia hivi watasema mimi na bibi tulikuwa wendawazimu. Nyasi hazifagiliwi wakati mwingine anakata roho chumba cha pili, ni kama kumharakisha. Bibi akashika njia ya kwake. Jioni nilipita njia ile makusudi, nikijifanya naenda kumsalimu jirani. Nilimwona akiwa ameinama mlangoni, ufagio mkononi, akizitoa. Zilikuwa nyasi za zamani, zimekuwa nyeusi na kusagika, zinatoka pamoja na vumbi na viroboto. Mjukuu wake alizibeba kwa mikono miwili akizipeleka kwenye migomba, akirudi, akizipeleka. Kutoka ndani nilimsikia mgonjwa akikohoa, kisha akauliza kwa sauti nyembamba nani anafagia. Bibi akamjibu, "Ni mimi, mwanangu. Nasafisha tu." Niligeuka nikarudi nyumbani.

Mkufunzi alikuja keshoye, siku ambayo alikwisha kuahidi. Alikuwa amepungua. Suruali ilikuwa ileile nyeupe, lakini mkanda ulikuwa umekunja kiuno chake kama mdomo wa gunia. Nilimwona, naye aliniona nikimwona. Akakaa nyuma akachonga penseli yake nyekundu.

Msichana aliingia akiwa na kichwa kinachong'aa. Akaenda mlangoni, akaketi. Darasa zima lilitazama kile kichwa na kuelewa, kwa sababu watoto wa kwetu wanajua kunyolewa maana yake nini. Walikuwa wakinisubiri mimi.

Vitabu vya baba na mama niliviacha kabatini siku hiyo. Niliandika maneno ubaoni tu, watoto watunge sentensi. Neno la kwanza lilikuwa "leo", la pili "mbali", na la tatu "bado". Tulipofika la tatu, wale wa mbele wakaanza kama kawaida. Bado sijala. Kahawa bado haijaiva. Senene bado hawajaanza kuruka. Nikawasifu. Kisha nikatembea, nikaacha ubao, nikaenda kusimama katikati ya darasa ili nisipige kelele.

"Wewe wa mlangoni," nikasema. "Tunga sentensi kwa neno hilo."

Alisimama. Alishika fremu ya mlango. Mtoto mmoja wa mbele akanyoosha kidole kumsaidia, nikamwambia kwa jicho akishushe. Nje mtu alikuwa akikata kuni, na tulisikia shoka likipiga, likinyamaza, likipiga. Nilianza kuogopa. Niliona tayari mtumbwi, shangazi, sufuria kubwa za kambini. Nilitaka kumwambia kaa chini, mwanangu, kaa, nimekosea. Sikumwambia.

"Bibi yangu," akasema. Ilikuwa sauti nene, ya kukwaruza, haikufanana na mwili wake. Akameza mate akaanza upya, kwa sentensi nzima kama sheria yangu ilivyotaka. "Bibi yangu bado yupo."

Kwenye ule ukuta niliona vichwa vingine vikiinuka, kimoja kimoja. Nikasema, "Vizuri sana. Kaa," na nikageukia ubao, nikaandika sentensi yake chini ya zile za kahawa na senene. Iliniwia vigumu kuliandika neno la mwisho. Nyuma yangu nilisikia penseli ya mkufunzi ikipita juu ya karatasi, ndefu, mpaka mlangoni, na kisha ikirudi.

Mchana nilimpelekea bibi karatasi mpya mimi mwenyewe. Nyumba ilinukia sakafu mpya, bila nyasi, na bila nyasi ilionekana kubwa mno. Nikamwonyesha mstari mwekundu unaokwenda na wa bluu unaorudi. Akaitikia kwa kichwa mara nyingi.

"Alisema nini?" akauliza.

Nikamtafsiria kwa Kihaya. Bibi alikuwa akimenya ndizi, akaendelea kumenya mpaka akaimaliza ile iliyo mkononi, akaitia kwenye maji. Kisha akacheka kidogo, kicheko kikavu.

"Basi na abaki," akasema. "Shangazi yake nitamwambia asubiri mpaka maneno hayo yawe ya uongo."

Baba mdogo alifariki mvua zilipokatika. Bibi alitandaza nyasi mpya, akalala juu yake na mjukuu wake, akazifagia siku zilipotimia. Msichana alikaa benchi la mlangoni siku hizo tu, kisha nikamwuliza, na alipojibu nikamhamishia dirishani. Niliwauliza wote wa ukutani, mmoja mmoja, kila mmoja kwa kuongea kwanza na aliyebaki nyumbani kwao. Kulikuwa na nyumba ambako hakubaki mtu wa kuongea naye, na hapo niliwaondolea matanga mimi mwenyewe, kwa wembe wangu, chini ya mti wa nyuma ya choo cha shule. Padri aliposikia hakufurahi. Nilimwambia aje anipokee zamu.

Mkufunzi alirudi mara chache tu. Safari ya mwisho hakuweza kuendesha pikipiki, alikuja na basi akatembea kutoka barabara kuu, akapumzika mara nyingi njiani. Alichora nusu kipindi, kisha akanipa karatasi na penseli zote, akaniambia nimalizie. Nilimwuliza kama yeye ana mtu wa kumwuliza habari zake. Akasema, "Wewe umeniuliza sasa." Walimsafirisha kwao kusini, na habari za mazishi zilitufikia zimekwisha kupoa. Nilimlilia kuliko nilivyowalilia ndugu zangu kadhaa. Penseli nyekundu alikuwa ameiacha fupi kama kidole gumba, na ya bluu pia. Ya kijani, ile ya swali la mwanafunzi, ilikuwa ndefu, haijaguswa kisu.

Niliomba kupanda na darasa langu, la tano, kisha la sita, na kila wiki nilimpa mtoto mmoja karatasi achore wenzake wakisema. Ukuta ulijaa mistari. Ningependa kusimulia kwamba mambo yalitengemaa, lakini sentensi ya yule msichana ilidumu kuwa kweli mpaka darasa la sita, msimu wa senene, na hapo bibi alikwenda kuchota maji akakaa kwenye jiwe la kisimani na hakuinuka. Hakuugua kile walichougua wengine. Nadhani alichoka tu.

Shangazi alikuja kutoka visiwani na mazishi yakafanyika. Alikuwa mwanamke mwenye adabu, mnene, mwenye harufu ya dagaa, na alikuwa akilia kweli. Nilikwenda kumsihi. Nilisema nitakaa na mtoto kwangu. Akanijibu bila ubaya kwamba mtoto ana ukoo, na ukoo ukiwa na mtu mmoja aliyebaki, huyo mmoja ndiye ukoo. Ndivyo desturi zetu zinavyosema. Wakafagia nyasi, wakafunga nyumba.

Asubuhi ya safari msichana alikuja kurudisha kitabu. Shangazi alisimama nje na mizigo. Msichana alikuwa amenyolewa. Hakuniletea kitabu mezani, alikwenda kwenye benchi la mlangoni, akaketi, akakifungua, na nilielewa kwamba amekuja kusoma kipindi chake. Nikafundisha. Nikamwuliza swali la somo la siku hiyo, la kawaida, na akalijibu sawasawa kwa ile sauti yake nene. Nikachora mistari yake miwili.

Kengele ilikuwa bado haijalia shangazi alipochungulia. Msichana akasimama, akafunga kitabu, akakiweka juu ya benchi. Lakini hakutoka. Akanyoosha mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, wala wenzake hawakuwahi.

"Mwalimu," akasema, "kesho mtasoma nini?"

Nilimwambia. Nilimweleza hadithi yote ya kesho, mwanzo mpaka mwisho, wakati shangazi akisubiri mlangoni na mizigo kichwani. Msichana alisikiliza mpaka nilipomaliza, akasema asante, akaondoka naye kuelekea ziwani. Kisha nikaomba kisu kwa mtoto wa mbele, nikaichonga penseli ya kijani.